Nilivyofungiwa na Adui Ndani ya Ubao wa Matokeo

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, Merv Hollick. Anayebisha aende kwetu Kurrabin akaulize. Akikuta mtu.

Nilifungiwa ndani ya kibanda cha bati, juu ya ngazi, na mzee ambaye ukoo wetu haukuwa ukimsalimia tangu babu yake amvunje babu yangu pua.

Na huku timu yangu inakata roho mbele ya macho yangu.

Ngoja nianze vizuri.

Kule kwetu Mallee, nyika ya ngano na kondoo, zamani mji ukiwa na ghala la ngano, kanisa na baa, basi una timu. Mpira wetu ule wa yai, wa kudaka na kukimbia nao, watu kumi na wanane kila upande.

Halafu treni ikaacha kuja. Shule ikafungwa. Vijana wakahamia mjini.

Timu zikaanza kufa moja moja. Nyingine ziliunganishwa na majirani waliotukanana nao tangu enzi za farasi, zikavishwa jezi za rangi ambazo hata kondoo wangezikimbia.

Mwaka ule wakubwa wa ligi wakatamka: atakayeshika mkia anafutwa, na watu wake wanaunganishwa na timu ya jirani.

Wa mkiani tulikuwa sisi. Jirani ni Dunmoyle.

Na mechi ya mwisho, nyumbani kwetu, ni dhidi ya haohao Dunmoyle. Tukishinda, tumepona. Tukifungwa, ndiyo basi tena.

Kazi yangu ilikuwa kutundika namba ubaoni. Kila timu inatoa mtu wake, ili pasiwe na wizi. Dunmoyle wakamleta Clarrie Pumphrey: kofia imelowa mafuta ya kondoo, darubini shingoni, mdomo mchafu. Mwanawe Noel ndiye nahodha wao.

"Umekuja kuhesabu, mzee?" nikamchokoza.

"Nimekuja mazishini, kijana. Maua nimeyaacha kwenye gari."

Nilikuwa na mvi tayari. Kwake bado kijana.

Tukakaa humo, magoti yanagusana, tunatazama uwanja kupitia tundu la mbele. Magari yamezunguka uwanja mzima, na kila tukifunga, honi zinalia mpaka bati linatetemeka.

Robo ya tatu, king'ora cha zimamoto kikalia. Banda la majani makavu linaungua upande wa ghala.

Kwetu wazimamoto ndio haohao wachezaji. Lindsay Trewin, beki wetu, akatoka mbio na jezi yake, akadandia gari la zimamoto, akaondoka. Kocha akaingiza mwingine. Mambo ya kawaida.

Robo ya nne tunaongoza kwa pointi tatu. Pumzi juu juu.

Mara nikamwona Lindsay uwanjani, uso mweusi kwa masizi, anakimbia kama swala. Nikafurahi. Shujaa karudi!

Halafu nikamwona yule aliyechukua nafasi yake. Naye yumo.

Nikahesabu. Nikarudia. Aisee.

Kumbe Lindsay alishuka kwenye gari la zimamoto, akaruka uzio, akaingia kazini kama mtu anayerudi shambani baada ya chai. Hakumwambia mtu.

Tulikuwa kumi na tisa.

Sasa, nahodha wa wapinzani akishtukia hilo, anamwomba mwamuzi awahesabu watu. Mnapangwa mstari. Mkizidi, pointi zote mlizofunga tangu mwanzo zinafutwa. Sifuri. Kwaheri Kurrabin.

Nikataka kushuka nikamnong'oneze kocha. Nikasukuma mlango.

Haufunguki. Kitasa hakipo.

"Unaenda wapi?" Clarrie akauliza bila kugeuka.

"Chooni."

"Ndoo hiyo hapo."

Nipige kelele kupitia tundu? Clarrie atasikia. Ninyamaze? Clarrie ana darubini, na mwanawe yuko hapo chini. Jasho likanitoka mpaka kwenye kope. Nimebanwa, ndugu zangu, kama panya kwenye debe.

Mzee akainua darubini.

"Hivi yule mweusi wa masizi si ni..."

"Chai, mzee!" Nikammiminia kikombe. Nusu ikaishia magotini kwake.

"Unaniunguza, mbwa wewe!"

"Samahani, baba."

"Baba yako nani? Koma!"

Mara Noel akapita karibu kabisa na ubao. Clarrie akatoa kichwa kwenye tundu.

"Noel!"



"Nini, baba?"

Mzee akanitazama. Akamtazama mwanawe. Akatazama uwanja.

"Funga kamba za viatu! Unakimbia kama bata!"



King'ora cha kumaliza mechi kikalia. Tumeshinda kwa pointi tatu! Honi, kelele, watu wazima wanalia. Mimi nimekaa chini.

Clarrie akaingiza mkono kwenye koti lake, akatoa kitasa cha mlango.

"Wewe ndiye...?"

"Niliwaona kumi na tisa kabla yako, zuzu wewe. Nikajua ukishuka kwa kiherehere chako, uwanja mzima utajua."

"Lakini mzee, ungesema neno moja tu, mngeshinda!"

"Halafu?"

"Halafu tungekufa."

"Mngekuja kwetu!" Akafoka mpaka mate yakanirukia. "Jezi moja na akina Hollick? Nikushangilie wewe? Jumamosi mke wangu aje kumtukana nani? Bora mwanangu afungwe leo kuliko mimi kukuita ndugu."

Akafungua mlango, akashuka ngazi akilaani kila kipandio.

Msimu uliofuata walitufunga vibaya sana. Clarrie alipiga honi mpaka betri ikafa, ikabidi mimi nimsukumie gari.

Siku alipozikwa, Noel alinifuata kanisani.

"Mzee alisema ushike jeneza. Upande wa miguu."

"Kwa nini wa miguu?"

"Alisema hataki kukuona karibu na uso wake."

Nililibeba. Nililia kuliko wanawe.

Timu zile zote mbili leo hazipo. Uwanja wetu sasa umeota ngano.

Ninachowaambia ni hiki: jirani anayekukera usimwombee ahame. Akishaondoka, utabaki na uwanja mzima, na hakuna wa kucheza naye.