Mama Aliyepima Rivolva ya Baba

Siku niliyomwona kwanza yule mama wa duka la bunduki, hapa Montana, Marekani, nilisimama pembeni hadi wateja wakaisha. Kila silaha aliishika vilevile: alihakikisha haina risasi, akavuta nyundo yake ya kufyatulia polepole huku ametega sikio, akapapasa chuma kwa kidole gumba. Nilimpa rivolva, bastola kubwa ya zamani ya marehemu baba, nikitumaini itaninunulia injini ya lori. Kidole chake kikasita.

"Nani kaing'arisha hivi?"

"Mimi, jana. Nimeipiga msasa ipendeze."

Alifuta miwani kwa pindo la shati, akaifunga tena bastola katika kitambaa nilichokuja nacho, pembe moja baada ya nyingine.

"Kaa nayo tu, mwanangu. Wanunuzi wa silaha za kale hulipia uchakavu ulioachwa na mkono wa baba yako, na wewe umeusugua wote."