Kibandiko Namba 417

Kwa miaka ishirini na mmoja Bi Kuramochi Setsuko alikuwa, peke yake, idara nzima ya kompyuta katika kampuni ya kutengeneza kamaboko, vitafunwa vya samaki wa kusagwa viliwavyo sana Mwaka Mpya, mjini Odawara, na katika muda wote huo hakuna kilichomchosha kama muhuri. Kompyuta haikumchosha hivyo. Kompyuta ikikataa, husema kwa nini. Karatasi ya maombi ilipaswa kupita kwa wakubwa sita, kila mmoja akagonga muhuri wake mwekundu ukiinama kidogo kumwelekea aliye juu yake, mithili ya kichwa kinachotoa heshima. Ikikwama kwa mmoja, imekwama kwa wote.

Mwaka huo ilikwama kwa Mzee Hatakenaka, mkuu wa Utawala na mtunza rejesta ya mali, ambaye hakugonga muhuri wake kabla ya kukibandika kila kitu kibandiko cha namba yake.

Jumamosi, saa nne asubuhi, maagizo ya Mwaka Mpya yangefunguliwa mtandaoni. Mwaka uliotangulia, seva yao ya pekee, iliyowekwa kabatini karibu na jiko la chai, ililemewa kabla ya robo saa kutimia. Setsuko akatumwa nyumba kwa nyumba, sanduku la vitamutamu mkononi, kuinama mbele ya wateja wa tangu enzi za mababu na kuomba radhi. Ajuza mmoja alimpokea kwa upole hata Setsuko akalia garini. Aliapa kutorudia safari ile. Ndipo akaomba kampuni ikodi seva za wingu, zile ambazo mtu huzitumia kwa mbali kupitia mtandao, akaziongeza wateja wanapofurika na kuzirudisha wanapopungua. Kuziongeza ni kazi ya dakika mbili. Karatasi ya kuziomba ilikuwa na siku kumi na tisa, na sasa ilikuwa Ijumaa.

"Iko wapi?" aliuliza Mzee Hatakenaka, kibandiko cha buluu chenye namba 417 kikiwa kimeshika ncha ya kidole chake.

"Haipo hapa, mkuu. Ni ya kukodi."

"Vya kukodi vina buluu, vyetu vina nyeupe. Unanifundisha kazi?"

"Iko kwenye jengo la wenyewe. Hawamwambii mtu liliko."

"Ala! Unakodi kitu hujui kilipo? Hata baiskeli ya kukodi pale stesheni naiona kwa macho yangu!"

"Basi bandika kwenye kompyuta yangu."

"Hiyo ni 288. Kitu kimoja, namba moja."

"Bandika kwenye mkataba, mkuu, tafadhali!"

"Mkataba ni karatasi. Machi, siku ya ukaguzi, nisimame mbele ya karatasi niseme nimeiona mashine? Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, Bi Kuramochi, leo ndiyo nianze uongo?"

Setsuko alifumba macho. Lililomuudhi kuliko yote ni kwamba mzee yule hakuwa na hila hata chembe. Mwenye hila angebembelezwa; huyu alikuwa mwaminifu, na hapakuwa na pa kumshikia.

"Ikizimika kesho," alisema taratibu, "utamwita nani?"

"Wewe."

"Ikizidiwa?"

"Wewe. Nani mwingine?"

"Basi ndiyo hii hapa." Akakibandua kibandiko kidoleni mwa mzee, akakibandika kwenye kitambulisho chake mwenyewe kilichoning'inia kifuani. "Itazame vizuri."

Mzee Hatakenaka alivaa miwani. "Geuka kidogo, taa inameta." Akaisoma namba mara mbili. "Inakaa wapi?"

"Dawati la dirishani."

"Haihamishwi bila fomu." Akagonga muhuri, nao ukainama barabara; waliobaki wakagonga yao jioni ile ile.

Kwa fadhila za Mola, Jumamosi ilipita salama. Saa nne na dakika tatu wateja walifurika; Setsuko aliongeza seva kwa kidole kimoja, mkono wa pili umeshika kikombe cha chai. Hakuna aliyemshukuru, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba palikuwa na jambo.

Januari alipokwenda kumtazama dada yake huko Aomori, alitakiwa kujaza, mbali na fomu ya likizo, fomu ya mali inayotolewa nje ya jengo. Aliijaza akisaga meno. Machi ikafika, na Mzee Hatakenaka akapita na rejesta yake, dawati kwa dawati, hata akasimama dirishani.

"417."

"Nipo," alijibu Setsuko.

"Mali haijibu, Bi Kuramochi," alisema mzee, akaweka alama ya vema, akaendelea na kabati.