Saa ya Lenie Saal

Kazi ya Lenie Saal ilikuwa kuwinda kelele. Pale Karoo, nyika kame ya Afrika Kusini, darubini za redio husikiliza mnong'ono wa haidrojeni kutoka mbali mno, na cheche moja ya umeme yatosha kuharibu vipimo. Basi Lenie alizunguka mashamba na antena yake yenye meno kama kichanuo, akiwanyang'anya watu simu bila huruma. Madereva wa malori walimwogopa kuliko mchungaji wa kanisa.

Kelele moja ilipowasumbua wanasayansi mwezi mzima, alimwendea mzee Dolf Visagie, mfuga kondoo jirani na darubini, ambaye wote humwita Oom, yaani mjomba.

"Oom Dolf, ni huu waya wa umeme wa uzio wako. Ung'oe."

"Na mbweha je? Utakuja kuwafukuza wewe na hicho kichanuo chako?"

"Vipimo haviongopi, Oom."

"Vipimo mimi sivijui. Wewe nakujua, ulibatizwa mikononi mwangu. Ukisema ni waya, ni waya."

Akaung'oa. Kesho yake Lenie akaenda kuhakikisha. Antena ikalia. Akageukia huku, ikalia. Akageukia kule, ikalia. Mwishowe akapandisha mkono wa koti. Saa ya kuhesabu hatua, zawadi ya Krismasi kutoka kwa bintiye! Mwezi mzima alikuwa akiitembeza kelele hiyo mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa na mkanda wa rangi ya waridi.

Aliizima, akaificha kwenye droo ya soksi. Kelele ikakoma, na mkuu wake akampongeza mbele ya wenzake wote: "Si ulisema ni ule waya!" Lenie akatabasamu. Tabasamu lile lilimtia aibu wiki tatu nzima. Kanisani alikaa benchi la nyuma asije akaonana na Dolf.

Aliposikia dukani kwamba mbweha wamekula tena kondoo wa Dolf, sasa wametimia tisa, alishindwa kuvumilia. Alimkuta Dolf zizini, anachuna ngozi ya mwanakondoo aliyeraruliwa. Akampa ile saa, akasema yote, macho chini, uso ukiwaka.

Dolf aliigeuzageuza saa. "Ulijua lini?"

"Kesho yake tu, baada ya wewe kung'oa."

"Siku hiyo mbweha walikuwa wamekula wangapi?"

"Hata mmoja, Oom."

Dolf akamrudishia saa, ina damu ya vidole vyake.

"Basi hawa tisa tusimsingizie mbweha," alisema, akaendelea kuchuna.