Pua ya Manubia

Kwa miaka minne Manubia aliwapikia watu wa mji wa Nabeul maji ya maua bila kusikia harufu yake, na hakuna aliyegundua. Hilo ndilo lililomuuma. Wangegundua siku ya kwanza wakamnyang'anya kazi, angelia wiki mbili yakaisha. Lakini waliyatia kwenye kahawa, wakasifu, na mwaka uliofuata wakamwita tena.

Mwezi wa nne, midanzi, ile michungwa michungu, ikichanua, nyumba isiyopika maua ni ya wagonjwa au ya wageni. Chungu cha shaba kinabandikwa, maua na maji ndani, kifuniko kinazibwa kwa unga uliokandwa, na mvuke unapita kwenye bomba mpaka udondoke matone kwenye chupa. Kupika si kazi, mwenye kiberiti yeyote anaweza. Kazi ni kujua lini uache. Ukiwahi umetupa maua ya watu, ukichelewa maji yananuka kuungua. Ndiyo maana huitwa mwanamke mwenye pua, akakaa kando ya bomba kutwa nzima, akasema "Basi," na hapo hakuna anayembishia. Manubia alikuwa na miaka thelathini ya kusema "Basi."

Kisha homa ikamlaza siku tisa. Alipoinuka alitia matone ya maji ya maua kwenye kahawa yake ya asubuhi, akanywa kitu cha moto na kichungu, basi. Akadhani chupa imechuja. Akafungua nyingine. Akafungua zote zilizokuwa kabatini.

Msimu ulipofika aliogopa kusema. Alikaa kando ya bomba akaangalia, na kumbe macho na vidole vilikuwa vimejifunza kazi siku nyingi bila kumwomba ruhusa. Viliijua kasi ya matone inavyopungua, joto la shaba kiganjani, utando mwembamba wa mafuta juu ya maji. Akasema "Basi." Bi Shelbia, jirani yake, mwanamke asiyesifu hata wanawe wa kuwazaa, alichovya kidole, akalamba, akafumba macho.

"Mwaka huu umejipita mwenyewe, wewe."

Manubia akatabasamu. Moyoni alitamani kumrushia chupa.

Akaenda Tunis kwa daktari wa pua. Kijana mpole, mikono safi, akamchorea picha kwenye karatasi.

"Chembechembe za ua zinaingia hapa, mama. Zinagusa neva hizi, neva zinapeleka habari huku kwenye ubongo. Zako zimekufa."

"Na harufu yenyewe iko wapi hapo?"

"Hiyo ndiyo harufu." Akagonga mchoro kwa kalamu. "Hakuna kingine."

"Mwanangu, maji ya maua unayajua?"

"Bibi yangu alikuwa akinimwagia kichwani nikipatwa na homa."

"Na ulichosikia siku hizo ni hiki ulichochora?"

Daktari akacheka kidogo, cheko la mtu mwenye wagonjwa kumi nje. Akamuuliza kama bado anafanya kazi. Anafanya. Je, anakosea? Hakosei.

"Basi mshukuru Mungu. Hujapoteza kitu kikubwa."

Njia nzima ya kurudi Manubia alimjibu kimoyomoyo, na majibu yote yalikuwa mazuri, kama yanavyokuwa majibu yakishachelewa. Hujapoteza kitu! Mtu kasoma nusu ya umri wake ili aje kumwambia hivyo mwanamke mzima.

Tangu siku hiyo aliacha kutaka kueleweka na watu. Alibakiza mmoja tu, Najia, binti yake wa pekee, mwalimu wa sayansi wa sekondari. Huyu alitoka tumboni mwake. Huyu alitaka amwamini.

Mwaka wa nne Najia mwenyewe akaja. "Mama, nifundishe kabla hujachoka." Manubia akamfundisha matone, akamfundisha shaba, akamfundisha utando.

"Sawa, lakini yakifika, yananukaje?" Najia akauliza.

"Sijui. Huu mwaka wa nne sisikii harufu yoyote."

Najia akacheka. Alipoona mama yake hacheki, akaleta vikombe viwili, kimoja cha maji ya mwanzo na kimoja cha maji ya mwisho. Manubia akaviangalia. "Hiki cha mwanzo."

"Si umejua!"

"Nimejua kwa macho."

Najia akamfunga kitambaa usoni, akampa tena. Manubia akavishika. "Hiki cha mwisho. Bado kina joto."

"Mama, acha utani. Mtu anayetofautisha kila kitu bila kukosea, tunasema anasikia harufu. Wewe unataka nini zaidi ya hapo?"

"Nataka kuisikia."

"Ndivyo unavyoisikia! Umezoea tu, huioni tena."

Usiku huo Manubia hakulala vizuri. Ijumaa, Najia akiwa jikoni anapika kuskusi, Manubia alijaza chungu maua ya mdanzi wa uani kwake, maji yake ya mwaka mzima. Akawasha moto hapohapo uani. Akaugeuzia mtambo mgongo, akaziba masikio kwa pamba asisikie matone, akafumba macho, mikono akaifumbata kwapani isije ikamsaliti. Alitaka kubaki na pua peke yake, watu waone pua hiyo inafanya nini.

Alikaa. Alidhani ni mapema bado. Bi Shelbia ndiye aliyeingia kwanza, mtandio mdomoni, na Najia nyuma yake akikohoa, akakimbilia kuzima moto. Maua yalikuwa yamegandia chini ya chungu, meusi. Manubia alishtuka alipoguswa bega, akatoa pamba.

"Umeamini sasa?" akamuuliza binti yake.

Najia aliitazama ile pamba. "Umeziba masikio. Umefumba macho. Kwa hiyo ulijua kitaungua. Umeketi hapa unavuta moshi makusudi, ili unishinde ubishi."

"Ningesikia nisingeweza kukaa."

"Wewe? Ungeweza."

Manubia aliitupa ile pamba. Kweli angeweza, alijijua ukaidi wake. Akipatia, wanasema anasikia. Akikosea, wanasema anajifanya. Alitafuta kitu cha tatu cha kuwaonyesha, hakukiona.

"Mwache mama yako," Bi Shelbia akasema. "Kasinzia tu. Umri huo, jua hili."

Najia alikuwa analia sasa, kwa moshi au kwa kingine. "Mama, niambie ulisinzia. Nakuomba. Afadhali hivyo kuliko kunifanyia haya ukiwa macho."

Manubia aliutazama uso wa mwanawe. Uso ulikuwa tayari kusamehe, na ulihitaji neno moja tu.

"Nilisinzia," akasema.

Najia akamkumbatia kwa nguvu. Manubia akainamisha uso kwenye nywele zake, alivyofanya tangu mtoto huyu akiwa wa siku moja, akavuta pumzi ndefu mpaka kifua kikajaa. Hakikuja kitu. Akavuta tena.

"Nanuka moshi, eh?" Najia akamwambia, akicheka na kufuta machozi.

"Unanuka moshi," Manubia akajibu.