Nilifunika Gari, Nikamwacha Mama Mkwe Bila Blanketi

Admin, nifiche kabisa, maana mume wangu anaifuata hii page. Wanasema mficha uchi hazai, basi leo nitasema yote, na wa kunitukana mnitukane.

Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka thelathini na nne. Nilitoka Kakamega nikapata kazi kiwandani Thika, nikaolewa na Mkikuyu, tukajenga huku Theta. Mume wangu ana Probox, anabeba abiria na mizigo kati ya Ruiru na Thika, na hilo gari ndilo linatulisha. Tunaishi na mama yake. Watoto wanamwita Cucu, mimi namwita Mami. Ndugu za mume waliponisema kwamba nimetoka mbali na siwezi kupika irio, chakula chao, ni yeye aliyewanyamazisha. Alinifunza mwenyewe, akinicheka.

Mami alivunjika nyonga mwaka juzi, hawezi kuamka bila kushikwa. Chumba chake kilikuwa na giza, kwa hivyo mume wangu akaweka bati moja la plastiki la kupitisha mwanga kwenye paa, juu ya kitanda kabisa, mama asome Biblia yake. Na alikuwa na blanketi moja nzito ya maroon ambayo hakuna mtu aliruhusiwa kuigusa. Ililetwa na wakwe siku ya ruracio ya binti yake Wambui, maana kwa Wakikuyu siku ya mahari mama wa msichana lazima aletewe blanketi. Wambui alikufa akiwa bado kijana. Hiyo blanketi ndiyo kitu cha mwisho ambacho Mami alipata kwa sababu yake.

Siku hiyo nilikuwa off. Mume wangu alikuwa ameenda Ruiru kununua vipuri, gari akaliacha kwenye uwanja wetu. Saa tisa mchana mawingu yakawa meusi, na mara akapiga simu akipiga kelele: "Mama Brian, huku kunanyesha mvua ya mawe! Funika gari! Toa mablanketi yote, toa hata magodoro, kioo kikivunjika tumeisha!"

Nikakimbia. Nilitoa magodoro ya watoto, nikatoa duvet yetu, bado boneti ilikuwa wazi. Mawe yakaanza, kwanza kama punje za mahindi. Nikaingia kwa Mami na kuvuta blanketi.

Akaishika. "Wacha hiyo. Ni ya Wambui."

"Mami, ni dakika tu, nakurudishia."

"Mama Brian, nasikia baridi."

Nikaivuta kwa nguvu. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna mtu anajua. Niliivuta mpaka vidole vyake vikaachia.

Upepo ulitaka kuipeperusha, nikasimama pale nikishikilia pembe zake, karai kichwani, mawe yakigonga hilo karai mpaka masikio yakaziba. Hata hivyo nilisikia bati la plastiki likipasuka. Nikasikia Mami akiita jina langu la kuzaliwa, ambalo huwa haliiti. Niliambia nafsi yangu kwamba mvua inakaribia kuisha. Sikuacha gari.

Nilipoingia, lile bati lilikuwa vipande. Kitanda kilikuwa kimejaa barafu na maji, na Mami alikuwa ameketi katikati akiwa ameweka Biblia kichwani, midomo imekuwa ya bluu.

Mume wangu alirudi akakuta gari la jirani limevunjika kioo na kubonyea kila mahali, letu halina alama hata moja. Akanikumbatia mbele ya watu. "Mwaona bibi? Huyu ndiye bibi!" Alipoona chumba cha mama akashtuka, akauliza blanketi ilifikaje nje. Kabla sijafungua mdomo, Mami akasema, "Ni mimi nilimwambia achukue."

Siku tatu baadaye alilazwa Thika na nimonia. Alirudi nyumbani, lakini si yule. Kifua hakijapona, hali chakula, na daktari alimwambia mume wangu tumpeleke nyumbani tukae naye vizuri. Nyinyi mnajua hiyo ina maana gani. Kila mgeni akija kumuona, mume wangu anaanza hadithi ya jinsi nilivyookoa gari, na Mami amelala pale pale akisikiliza. Hanisemi kwa mtu. Nikimlisha anafungua mdomo vijiko viwili, anageukia ukuta. Nimepiga magoti mara mbili kuomba msamaha, lakini nikianza kulia ananiambia nikaangalie sufuria inaungua, na hakuna kitu jikoni.

Jana mchana mawingu yalikusanyika tena. Nilikuwa nimekaa naye. Nikaona mkono wake ukisukuma ile blanketi, taratibu, mpaka ikamtoka mwilini yote. Akaikunja vile alivyoweza, akanisukumia.

"Shika," akasema. "Gari iko nje."

Sijui kama alikuwa ananiumiza au alikuwa anamaanisha. Sikuweza kuigusa. Mume wangu akaingia wakati huo, akaona blanketi imekunjwa, macho yakamlenga machozi. "Asante sana, maitu," akamwambia mama yake kwa Kikuyu, akaichukua na kutoka kwenda kufunika gari. Mami akaniangalia mimi, si yeye. Nikavua sweta yangu nikamfunika. Aliiacha ikateleza chini.

Mvua haikunyesha hata tone.

Nikimwambia mume wangu ukweli, nimemfanya mama yake mwongo akiwa kitandani pa kufia, na ndoa yangu sidhani itabaki. Nikinyamaza, atazikwa nikiwa naitwa shujaa, na nina hakika wataniambia mimi ndiye nimfunike na hiyo blanketi. Ndugu zangu, mlio na wazazi, nisaidieni mawazo. Nitaishika vipi?