Mamba wa Amerika aliyegoma kula Molo, na vile mke wangu alinenepa

Wakuu, salamu kwenu wote, hata wale husoma kimya kimya na kutoroka.

Hii maneno ilinipata mimi mwenyewe, sikuambiwa na mtu. Mahali nitaongeza chumvi, nitasema hapa nimeongeza.

Jana kijana mmoja humu aliuliza kama alligator na mamba wetu ni kitu moja. Mkamjibu na picha. Mimi najibu na gambuti yangu.

Ni miaka ya hamsini. Niko kijana, mdomo mingi, darasa nne tu kichwani, kibarua kwa shamba la pareto Molo. Mwenye shamba, mzungu tuliyemuita Bwana Miwani, akaleta alligator kutoka Amerika ndani ya sanduku.

Molo, wakuu. Mahali hata mbuzi anataka sweta.

Likachimbiwa kidimbwi nyuma ya boma ya ng'ombe, waya ikazungushwa. Nyapara wetu, Kiprono, akasimama mbele ya vibarua: "Nani hapa anajua mamba?"

Nikainua mkono. Nikasema nimezaliwa Baringo, nimekua na mamba kama majirani.

Nimezaliwa Bondeni, Nakuru mjini. Mnyama wa magamba mkubwa zaidi nilikuwa nimeona ni kinyonga.

Lakini kuchuma pareto kulikuwa kumenimaliza mgongo. Kazi nikapewa. Sharti lilikuwa moja: mnyama akikufa, mimi na mke wangu Selina tunatoka kambini siku hiyo hiyo.

Na Selina alikuwa mja mzito. Dresa wa shamba, yule wa dawa na bandeji, alimvuta jicho chini akasema, "Huyu damu iko kidogo sana. Ale nyama, ale maini, ama siku ya kuzaa atatusumbua."

Sisi vibarua tulikuwa tunapewa posho na maharagwe. Alligator lilikuwa linapewa nyama na maini kila siku.

Hayo maini nilikuwa nabeba mimi, kwa mikono yangu, nampita Selina mlangoni naenda kulisha mgeni.

Miezi ya jua lilikula vizuri. Asubuhi linapanda ukingoni, linaota jua mdomo wazi. Likipata moto linarudi majini, unaona macho na pua tu, mengine yote yamejificha. Halitafuni. Linameza tu, kama mtu anachelewa gari moshi.

Sasa kijana wetu wa jana, sikia. Hili pua yake ni pana kama koleo, na rangi ni nyeusi. Likifunga mdomo, meno ya chini hayaonekani. Mamba wa Baringo nilikuja kuona baadaye, huyo hata akifunga mdomo meno yanatokea nje. Hili lilikuwa na adabu kidogo.

Halafu baridi ya mwezi wa sita ikaingia. Alligator likaacha kula.

Siku ya kwanza nikasema limeshiba. Siku ya tano nikaanza kufunga mizigo kwa akili. Asubuhi moja nikakuta barafu nyembamba juu ya kidimbwi, na pua peke yake imetokea juu, haitikisiki. Nikaligusa na fimbo. Kimya. Nikaona mimi na Selina barabarani na sufuria kichwani.

Halafu pua ikatoa mvuke. Pumzi moja, pole pole, basi.

Ndio nikaelewa. Hili halikuwa gonjwa. Damu yake inafuata hewa: kukiwa baridi, tumbo linafunga duka. Hata ukililazimisha kula, nyama itaozea ndani.

Na Bwana Miwani hakuwa amesimamisha mgao wa nyama.

Selina alipoona maini akaweka mikono kiunoni. "Wewe, hii umeiba wapi?"

"Sijaiba. Mgeni amesusa."

"Na akibadilisha roho?"

"Tutamwachia mchuzi."

Kila jioni Bwana anapita: "Mamba nakula?"

"Nakula yote, Bwana."

Alikuwa anaandika kwa kitabu chake, amefurahi sana. Selina akapata mashavu.

Shida ni jua. Mwezi wa tisa likarudi, alligator likaanza kugeuza kichwa, na Selina bado wiki chache azae. Nikafanya kitu sijivunii. Nikashona magunia, nikafunika kidimbwi chote, nikamwambia Bwana ngozi itapasuka na jua.

"Mzuri sana," akasema. "Wewe najua mamba kabisa."

Kivuli kikaleta baridi, baridi ikaendelea kufunga duka.

Mpaka Jumapili moja Bwana akaalika wageni waone mnyama akila. Asubuhi, mimi nikiwa kanisani, akamwambia Kiprono atoe magunia yote. Likaota jua mchana kutwa.

Saa kumi nikafika na karai imefunikwa. Ndani hakukuwa na kitu. Maini yalikuwa tumboni mwa Selina tangu saa sita. Nilijua nitaingia, nitapindua karai karibu na mnyama amelala kama gogo, na wageni wataona mgongo wangu tu.

Gogo lilikuja likikimbia.

Sikujua lina mbio hiyo. Lilitoa sauti kama mvuke wa treni, likashika gambuti yangu ya kushoto, mimi nikachomoa mguu nikapanda waya kama paka. Wazungu wakapiga makofi, walidhani ni mchezo.

Kiprono akaokota karai. Akaangalia ndani. Akaniangalia. "Mtu wa Baringo," akasema pole pole, "leo umelisha nani?"

Nilikuwa juu ya waya na soksi moja.

Bwana Miwani akashika kidevu, akafikiri sana. "Kumbe!" akasema. "Yeye nakula yote, na bado iko njaa. Chakula kidogo! Kesho ongeza mara mbili."

Kiprono akageuka akakohoa mpaka machozi.

Kutoka hapo likalishwa kwanza, na kwa haki. Nusu yake, nusu ya Selina. Kiprono naye akaanza kupita kwangu wakati wa chakula, bila kualikwa.

Selina alizaa msichana wa kilio kikubwa. Dresa akamvuta jicho tena, akashangaa. "Huyu ulimlisha nini?"

Nikamwambia aulize Bwana, yeye ndiye ako na kitabu.

Funzo, wakuu: ukipewa kazi ya kulisha mnyama, kwanza jua kama ana njaa. Halafu angalia nyumbani kwako ni nani ako nayo.

Wataalamu wa wanyama, nirekebisheni. Na wale watasema nilikosea, semeni pia, lakini kwanza mniambie nyinyi hayo maini mngempea nani.