Daktari Aliyesema Hajui

Juzi, kwenye benchi la hospitali moja hapa Moshi, nilikaa na mama mmoja kutoka Masama aliyeletwa na binti yake. Miguu yake ilikuwa ikifa ganzi, akawa anaanguka ovyo shambani. Kati ya waliomtibu kabla, mmoja alimwambia ni kisukari, mwingine uzee, mwingine karogwa.

Alitoka kwa daktari akitabasamu, viatu mkononi.

“Amesemaje, mama?” nikamuuliza.

“Bado hajui. Nirudi Jumatatu nipimwe mishipa ya fahamu.”

“Sasa mama unafurahia nini?” binti akauliza, karibu kulia.

“Waliojua wote walinipa dawa bila kunigusa. Huyu amenivua viatu, akanichoma kila kidole kwa kijiti, akiniuliza kama nasikia.”

Zamu yangu ilipofika, niliingia nikiomba daktari asije akajua haraka.